Ozil aliuliza swali, sisi tukamzomea

Vijana wenzetu wa Nakivale, na ninyi wa Rwamwanja, Kyangwali, Nyarugusu na Kakuma:

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha kuchangia jezi. Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, inakaribia, na timu yetu haiwezi kuingia uwanjani na fulana za rangi saba. Tukakubaliana kila mtu atoe kidogo. Basi kijana mmoja mdogo, wa juzi tu kwenye kundi, akanyoosha mkono akauliza: "Pesa nani atashika, na tutaonyeshwa wapi imetumika?" Kabla hajakaa, mmoja wetu akamjibu kwa sauti: "Wewe, usituletee u-Ozil hapa." Watu wakacheka. Kijana akakaa chini, hakusema tena.

Sisi wa zamani hatukucheka sana. Tunajua hilo neno lilitoka wapi. Lilitoka kwetu, mwaka 2020, wakati wa korona, na liko na mtu liliyemuumiza. Ndiyo maana leo tunaandika. Ninyi msiopenda mpira msikimbie, maana tutaanzia uwanjani lakini tutamalizia nyumbani.

Tarehe 12 Machi 2020 ilitoka habari kwamba kocha wetu wa Arsenal, Mikel Arteta, amepimwa na kukutwa na korona. Kesho yake Ligi Kuu ya Uingereza ikasimamishwa. Sisi hapa tulitania, tukasema ugonjwa wa wazungu umekamata hadi kocha. Utani haukudumu. Wiki iliyofuata Uganda ikatangaza kufunga shule, kisha usafiri ukakatazwa, makanisa na misikiti ikafungwa, kibanda chetu cha video nacho kikawekwa kufuli. Mwezi wa Aprili mgao wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ukapunguzwa kwa asilimia 30, kwa sababu pesa za wafadhili hazikutosha. Mama aliyezoea kupata kilo kumi za mahindi akapata saba, na hao watoto waliokuwa wanakulaga shuleni sasa wako nyumbani mchana kutwa, wanaangalia sufuria.

Mpira tukaufuata kwa simu. Simu moja, watu watano, bando la mtu mmoja. Hakukuwa na mechi, kwa hiyo tulisoma maneno tu. Na humo tukakuta kwamba hata Uingereza watu wanagombana juu ya pesa: nani atoe, nani akatwe.

Tarehe 2 Aprili, Waziri wa Afya wa Uingereza, Matt Hancock, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wachezaji wa Ligi Kuu wakubali kukatwa mshahara na wao wachangie. Sisi tulimpigia makofi kwelikweli. Tulisema: wakatwe! Mtu anapokea kwa wiki moja pesa ambayo sisi wote wa zone yetu hatutaishika maisha yetu yote, halafu anakaa nyumbani anacheza gemu?

Ilitubidi tukue kidogo ndipo tuone tulichokosa kuuliza. Kwa nini wachezaji ndio wa kwanza? Uingereza iko na wenye mabenki, wenye makampuni, na wenye hizo klabu zenyewe. Chama cha wachezaji kilijibu kwa hesabu: wakikatwa asilimia 30 kwa mwaka mzima, hiyo ni zaidi ya pauni milioni 500, na ndani yake serikali itapoteza kodi ya zaidi ya pauni milioni 200. Maana yake hospitali zinakosa ile kodi, na pesa iliyobaki inakaa kwa mwenye klabu. Hesabu ni rahisi, lakini sisi hatukuifanya. Tulikuwa na hasira, na hasira haipigi hesabu.

Na wachezaji hawakukataa kutoa. Tarehe 8 Aprili walianzisha mfuko wao wenyewe, Players Together, Jordan Henderson wa Liverpool akiwa mmoja wa walioongoza, ili pesa iende kusaidia watu wa huduma ya afya. Angalieni tofauti hapo. Hawakusema "hatutoi". Walisema: tutatoa, lakini tunataka kuijua njia pesa itakayopita. Siku hizohizo klabu ya Liverpool yenyewe, tajiri vile, ilitaka serikali iwalipe sehemu kubwa ya mishahara wafanyakazi wake wadogo. Mashabiki wakapiga kelele, na ndani ya siku chache klabu ikarudi nyuma na kuomba radhi. Yaani kuuliza kulifanya kazi.

Sasa tuje kwetu, Arsenal.

Mwezi huohuo wa Aprili klabu ilitangaza kwamba wachezaji na kocha wamekubali kwa hiari kupunguziwa asilimia 12.5 ya mshahara wa mwaka. Wachache hawakukubali, na jina lililotoka kwenye magazeti yote ni moja: Mesut Özil. Mshahara wake uliandikwa kila mahali, pauni 350,000 kwa wiki. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba hakukataa kuchangia. Alisema wachezaji waliharakishwa, na yapo maswali mengi ambayo hayakujibiwa.

Kibandani kwetu Özil alikuwa tayari ni kesi. Tuko na wale waliompenda kufa, waliokuwa bado wanazungumzia ile mechi ya Leicester ya Oktoba 2018, tulivyoshinda 3–1 naye akicheza kama vile mpira umefungwa kwa uzi kwenye mguu wake. Na tuko na wale waliochoka naye, wakisema hakabi, hakimbii, timu ikipoteza mpira yeye anatembea kama mtu anatoka sokoni. Hayo ni maoni ya mpira, kila mtu abaki nayo. Mpaka leo hatujapatana. Lakini habari ya mshahara ilipotoka, siku hiyo tulipatana wote. Tulimtukana pamoja. Mchoyo. Roho mbaya. Watu wanakufa, yeye anahesabu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea hapa kwetu mwezi wa Mei.

Baadhi yetu tulikuwa tunajitolea. Tulizunguka vijijini na kipaza sauti, tukiwaambia watu wanawe mikono kwa sabuni, wavae barakoa, wakae mbalimbali. Kwa kazi hiyo tulipewa motisha kidogo ya mwezi, pesa ya kununua bunga na mafuta, basi. Tulikuwa vijana 31. Mwenzetu mmoja ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sisi sote. Alikuwa anatangaza kwa Kiswahili, anageuza kwa Kirundi, anamalizia kwa Kinyabwisha, wazee wanatoka nje kumsikiliza tu. Jina lake hatuliandiki hapa.

Siku moja msimamizi wetu alituita chini ya mti, tukakaa mbalimbali kama sheria ilivyotaka. Akasema ziko bibi na babu wanaoishi peke yao, na watoto wanaojilea wenyewe, hawana sabuni. Sisi tunawaambia wanawe, watanawa na nini? Maneno ya kweli kabisa. Akasema kila mmoja aache shilingi elfu kumi katika motisha ya mwezi huo. Ikapita karatasi ya kusaini. Juu yake iliandikwa kwamba tunatoa kwa hiari yetu.

Karatasi ilipomfikia mwenzetu, aliishika bila kusaini. Aliuliza mambo matatu. Nani anashika hiyo pesa? Itanunua miche mingapi ya sabuni? Orodha ya watakaopewa itabandikwa wapi? Hakuwa na hasira. Aliuliza kama vile mtu anauliza njia.

Msimamizi akamjibu: "Kwa hiyo wewe unataka wazee wafe?"

Nyuma huko mmoja wetu akasema, "Huyo ni Ozil!" Tukacheka wote 31, ukimtoa yeye. Karatasi ikampita. Sisi tukasaini haraka, tena kwa majivuno, kila mmoja akijiona ni mtu mwema. Tangu siku hiyo jina lake likawa Ozil. Watoto wakamwita Ozil. Mama wa sokoni ambao hawajui hata mpira una watu wangapi wakamwita Ozil, wakifikiri ni sifa.

Mwezi uliofuata orodha ya wanaojitolea ilisomwa. Jina lake halikuwemo. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Tulijua. Lakini kila mmoja aliogopa kwamba akifungua mdomo, la kwake litafuata. Mgao umekatwa, vibarua hakuna, hiyo motisha ndiyo chumvi ya nyumba. Hatusemi hivyo ili mtuhurumie. Tunasema ndivyo ilivyokuwa.

Sabuni ilikuja. Sisi ndio tuliibeba. Watu 30 kwa elfu kumi ni laki tatu. Mche mmoja dukani wakati ule ulikuwa kama elfu nne, kwa hiyo tungetegemea miche zaidi ya 70. Tuliyoibeba sisi ilikuwa 24. Ikabidi tuikate vipande, bibi mmoja akapata nusu, mwingine robo. Labda miche mingine ilienda kijiji kingine. Labda ilinunuliwa ndoo. Hatumshitaki mtu, kwa sababu hatujui, na hatujui kwa sababu hakuna aliyeuliza. Yule wa kuuliza tulikuwa tumeshamtoa.

Mpira ukarudi mwezi wa Juni. Tarehe 1 Agosti 2020 Arsenal tukachukua Kombe la FA, tukaifunga Chelsea 2–1, mabao yote mawili ya Aubameyang. Tulifurahi kama watu waliopewa vibali vya kusafiri. Siku nne baadaye, tarehe 5 Agosti, klabu ikatangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi 55. Siku nne! Iliripotiwa kwamba wachezaji waliokatwa mshahara walishangaa, maana waliamini pesa yao inalinda kazi za watu hao. Na mwenye klabu, Stan Kroenke, ni bilionea wa Marekani.

Haikuishia hapo. Tarehe 5 Oktoba, siku ya mwisho ya usajili, tulimnunua Thomas Partey kwa pauni milioni 45. Siku hiyohiyo ikatoka habari kwamba yule mtu anayevaa gwanda la Gunnersaurus, yule dinosaria wa kijani anayechezesha watoto uwanjani, aliyeifanya kazi hiyo tangu 1993, naye hana kazi. Nani akajitokeza kusema atamlipa mshahara wake muda wote atakaokuwa mchezaji wa Arsenal? Özil. Yuleyule mchoyo. Mwezi huohuo aliachwa nje ya kikosi cha Ligi Kuu, na Januari 2021 akaondoka kwenda Fenerbahçe. Mechi yake ya mwisho na sisi ilikuwa ya tarehe 7 Machi 2020, kabla ligi haijasimama.

Siku tuliposoma habari ya wale 55, tulikuwa watu sita kwenye simu moja. Mmoja akasema polepole, "Sasa, na huyu Ozil wetu?" Hakuna aliyemjibu. Tukageuza mazungumzo, tukaanza kubishana juu ya Aubameyang kama atasaini mkataba.

Hatutaki kumfanya Özil mtakatifu. Mtu mwenye pauni 350,000 kwa wiki anaweza kukataa, akalala vizuri, akaamka bado ni tajiri. Mwenzetu alipokataa alipoteza bunga ya watoto wa dada yake. Ukiwapima hao wawili, aliyekuwa na ujasiri zaidi siye yule aliyevaa namba 10. Na hatusemi pia kwamba kila anayeuliza ana moyo safi. Wapo wanaouliza maswali mpaka mchango unakufa, kumbe tangu mwanzo hawakutaka kutoa. Tunawajua, wako hata humu.

Lakini tunasema hivi: janga linapokuja, wakubwa wanapenda kuweka mambo mawili kwenye karatasi moja. La kwanza ni huruma, la pili ni pesa. Ukisaini huruma, umesaini na pesa. Ukiuliza juu ya pesa, wanakwambia huna huruma. Waziri alifanya hivyo kwa wachezaji, klabu ikafanya, na hapa chini ya mti ikafanyika vilevile. Dawa yake ni kuyatenganisha hayo mawili, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja anayezomewa na 30. Mwenzetu angekuwa na wawili tu wa kusema "na sisi tunataka kujua", orodha ingebandikwa. Tunaamini hivyo.

Mtatuambia: mchezaji acheze mpira, mkimbizi apokee mgao, siasa awaachie wenye siasa. Basi tuwakumbushe Marcus Rashford. Sisi ni Arsenal, kumsifu mtu aliyechezea Manchester United kunatuuma kwenye meno, lakini haki ni haki. Mwezi wa Juni 2020 kijana huyo wa miaka 22 aliwaandikia wabunge wa Uingereza barua juu ya watoto wanaokula bure shuleni. Shule zikifungwa majira ya kiangazi, watakula nini? Hakuhitaji mtaalamu wa kumwandikia. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao watoto, mama yake akiwalea watano na kufanya kazi bila kupumzika, bado chakula hakitoshi. Kesho yake serikali ilibadili uamuzi, na watoto kama milioni 1.3 wakapata. Waziri Hancock, yule aliyetaka wachezaji wachangie, alipomsifu kwenye televisheni akamwita "Daniel". Mwezi wa Oktoba Rashford akauliza tena juu ya likizo zinazokuja. Bunge likakataa, kura 322 kwa 261. Hakunyamaza. Novemba serikali ikarudi nyuma mara ya pili.

Sisi tunaojua kilo kumi ikiwa saba, ndio tunaofaa kuuliza habari ya chakula na sabuni. Anayeijua njaa hahitaji cheti cha kuizungumzia. Na kama tunaomba walio juu yetu watuonyeshe hesabu, basi tuanze na kikopo chetu wenyewe cha jezi.

Kwa hiyo jana tulimfuata mwenzetu pale Base Camp, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Tulienda wanne. Tulimwambia tulimkosea mara tatu: tulipocheka, tulipompa jina, na tulipoona amekatwa kwenye orodha tukanyamaza. Alikuwa anafungua simu ya mtu, hakuacha kazi. Akatusikiliza mpaka mwisho. Tukamwomba ashike daftari la mchango wa jezi. Akasema atafikiri, lakini sharti la kwanza ni tuanze kumwita kwa jina lake.

Tumekubali. Na ninyi tunawaomba vilevile. Mkimkuta, mwiteni jina alilopewa na mama yake.

Mambo mengine ni haya. Hesabu ya jezi itabandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha video kila Jumamosi: nani katoa, kiasi gani, kimenunua nini, kimebaki nini. Asiyejua kusoma asomewe. Asiye na pesa asitoe, na asiulizwe kwa nini. Na yule kijana mdogo aliyenyoosha mkono Jumapili, tunamwomba msamaha mbele yenu wote. Jumapili ijayo tutaanza kikao na swali lake.